Ukoo wa Barabara ya Kumi: kitabu kilichoko mkononi mwako

Bi Zena (Ngamiani): Assalamu alaykum wana ukoo. Harusi imekwisha salama, hesabu za michango zimefungwa, na tangu hapo kikundi hiki hakina jambo isipokuwa picha za biriani. Basi leo naomba tuzungumze jambo la raha. Kila mmoja aseme ni kitabu gani anachokisoma sasa kwa kupenda mwenyewe, si kwa mtihani wala kwa kazi. Vitabu vya dini tunavisoma sote na thawabu zake tunazijua, kwa hiyo nauliza vya hadithi, vya maisha ya watu na vya mashairi. Masharti ya kikundi yako palepale: sentensi kamili, na sitaki kuona "xaxa" wala "cjui".

Rehema (Mikanjuni): Waalaykumu salaam, shikamoo shangazi. Mimi ninasoma Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert, na wakati wangu wa kukisoma ni zamu ya usiku, wodi inapotulia. Nilitarajia kukuta mawaidha matupu, kwa jinsi tulivyozoea kusikia jina lake likitajwa kwenye hotuba, lakini nimekuta mtumishi wa serikali kama mimi, anayehesabu mshahara, anayehamishwa kituo na kufunga mizigo bila kuulizwa kama yuko tayari. Alikuwa karani wa forodha pale Pangani tangu mwaka 1926, na mwaka 1944 akahamishiwa Mpwapwa, mbali na bahari aliyoizoea. Mwenye kupokea barua ya uhamisho ataelewa kwa nini kurasa hizo nimezisoma polepole.

Bi Zena (Ngamiani): Marahaba mwanangu. Na lile shairi la Amina umelifikia?

Rehema (Mikanjuni): Nimelifikia, shangazi, na sitalisoma tena nikiwa kazini, kwa sababu haipendezi mgonjwa amkute muuguzi wake analia. Alimwandikia mkewe aliyefariki, na kinachonigusa ni kwamba hapigi kelele za msiba. Anazungumza naye kwa upole, kama mtu aliyeketi chumba cha pili. Halafu ukiendelea unakutana na tenzi mbili ndefu za wasia, moja kwa bintiye na nyingine kwa mwanawe wa kiume. Kusema kweli hizo nazisoma kwa kuruka, maana wasia mwingi nimekwishaupata humu kikundini.

Kassimu (Raskazone): Shikamooni nyote. Dada Rehema, nakuheshimu, lakini jina la Shaaban Robert likitajwa mimi naona karatasi ya mtihani. Kidato cha sita tulisoma Kufikirika, na mpaka leo naweza kukutajia dhamira, migogoro na matumizi ya lugha, kila moja na mfano wake, ila ukiniuliza kama kuna mahali nilicheka au nilishtuka, sina jibu. Hatukuwa tunasoma riwaya, tulikuwa tunachimba hoja za kujibia maswali.

Mwalimu Salehe (Soni): Marahaba Kassimu. Hoja hizo ndizo zilizokupeleka chuo kikuu, usizidharau sana. Lakini hujajibu swali la dada yangu. Sasa hivi unasoma nini?

Kassimu (Raskazone): Baba mdogo, utacheka. Ninasoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ambayo nayo ilikuwa kwenye orodha yetu ya shule. Niliiona filamu yake, ile ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji, nikaenda kuitafuta riwaya yenyewe ili nione filamu imeacha nini. Imeacha mengi. Shuleni niliandika kwamba Yasmin anawakilisha mateso ya ndoa za lazima, nikapewa alama zangu. Safari hii ninamwona msichana wa miaka 15 aliyeozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52, akiwa hana mtu wa rika lake wa kuzungumza naye ndani ya nyumba hiyo, na namwona Mwajuma, ambaye mtihani ulimwita mhusika msaidizi, kumbe ndiye anayenichekesha kuliko wote. Mambo ya Denge na siasa za kuwapinga Waingereza yananivutia pia, lakini nikifika kwa Mwajuma huwa napunguza kasi ili kurasa zisiishe.

Bi Zena (Ngamiani): Huko ndiko kusoma kwa raha ninakokuuliza. Shemeji Athumani, wewe uko kimya, na najua unasoma kwa sababu mke wako analalamika kuhusu taa.

Mjomba Athumani (Chumbageni): Shemeji, taa ni haki ya mstaafu. Ninasoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza ikatoka mwaka 1994, na nakala niliyo nayo ni tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Ni habari za mtoto aitwaye Yusuf, mwenye miaka 12, ambaye babake ana deni kwa tajiri mmoja wa misafara, na deni lisipolipika mtoto anaondoka na tajiri. Yeye anadhani anakwenda kumtembelea ami yake. Tajiri huyo, Aziz, kila alipokuja nyumbani kwao alimpa senti mkononi, kwa hiyo mtoto alikuwa akimngoja kwa furaha. Nilipofika pale nilikiweka kitabu chini nikanywa maji.

Mjomba Athumani (Chumbageni): Naongeza, kwa kuwa mtu wa reli hawezi kulipita hili. Mwanzoni kabisa Yusuf anawaona Wazungu wawili wamesimama kwenye stesheni, na hao ndio wa kwanza kuwaona maishani mwake, na pale stesheni kuna bendera ya manjano yenye ndege mweusi. Mji wenyewe ni mdogo, Wajerumani waliutumia kama bohari walipokuwa wakijenga reli ya kwenda bara. Mwandishi hasemi ni wapi, na jina la mji ni Kawa. Lakini reli yetu ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911, na mimi nimefanya kazi kwenye njia hiyo mpaka nikastaafu, kwa hiyo kila nikisoma neno stesheni naiona Korogwe. Mwenye ushahidi kwamba si Korogwe aulete.

Mama Mdogo Tatu (Pangani): Kaka, kesho utatuambia Yusuf alikuwa jirani yetu.

Mjomba Athumani (Chumbageni): Sijasema hivyo, Tatu, ingawa sitashangaa. Kuhusu tafsiri, nilikuwa na hofu kwamba watu wa pwani ya zamani watazungumza kama taarifa ya habari, lakini wafanyabiashara mle wanataniana na kutukanana kwa Kiswahili ninachokijua. Ni kana kwamba maneno yamerudishwa kwa wenyewe.

Kassimu (Raskazone): Mjomba, shikamoo. Kwa wasioweza kununua vitabu, mimi nina pidiefu za riwaya kadhaa, zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Niziweke humu?

Mwalimu Salehe (Soni): Usiziweke, mwanangu. Vitabu vya Kiswahili vya kujisomea vinachapwa kwa idadi ndogo, na mchapishaji akiona havinunuliwi hageukii tena riwaya, anakwenda kuchapa vitabu vya kiada kwa sababu ndivyo vyenye soko la uhakika. Tuazimane vya karatasi. Kuazimana hakujawahi kumkosesha mwandishi usingizi. Na asiye na cha kuazima aende pale Maktaba ya Mkoa, ile iliyojengwa kwa jina la King George wa Sita, akaketi asome bila kuulizwa kitu.

Mama Mdogo Tatu (Pangani): Naunga mkono. Mimi nilianza Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, nikavutwa na wembamba wake, maana ni kitabu unachoweza kukificha ndani ya kanga. Nimesoma kurasa za mwanzo, nikarudia, nikarudia tena, na bado sijui kama yule msimulizi yuko hai, amekufa au anaota. Nimekiacha. Nimerudi kwa Bwana Msa wangu, yule mpelelezi, katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla, ambamo angalau maiti ni maiti, na mwenye kiko chake anakaa chini akatueleza kila kitu mwishoni.

Mjomba Athumani (Chumbageni): Kitabu hakiachwi katikati, Tatu. Ukishakata tiketi unafika mwisho wa safari.

Mama Mdogo Tatu (Pangani): Hiyo ni sheria ya treni, kaka. Mimi nasoma baada ya kupika, kuosha vyombo na kumlaza mjukuu, na muda unaobaki hautoshi kumpa mwandishi asiyetaka kunisemesha. Isitoshe Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960, baada ya kushinda mashindano ya uandishi, na mpaka leo bado kinanikosesha usingizi. Hicho ndicho kipimo changu.

Rehema (Mikanjuni): Mjomba, hapa niko upande wa mama mdogo. Baba mdogo Salehe, wewe mwenyewe bado hujatuambia unachosoma.

Mwalimu Salehe (Soni): Nilikuwa nangoja mchoke ili nisikatizwe. Ninasoma Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, chapa ya mwaka 1962, ambacho gundi yake imekauka na kurasa zinatoka moja moja. Ni kitabu cha milima yetu hii. Kinaanza na Mbega, aliyezaliwa kwao Unguu akaota meno ya juu kwanza, yaani kigego, na kwa itikadi za wakati ule mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi. Ndugu zake wanamnyima urithi, anatoka na mbwa wake wa kuwindia, anazunguka nchi za watu akiua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, na kila anapofika anagawa nyama. Washambaa wanampenda kwa tumbo kabla ya kumpenda kwa moyo, kisha usiku mmoja anaua simba, nao wanamfanya mfalme wa kwanza wa ukoo wa Wakilindi. Vuga, uliokuwa mji wao, hauko mbali na hapa nilipo.

Mama Mdogo Tatu (Pangani): Shemeji, hiyo ni historia au ni hekaya?

Mwalimu Salehe (Soni): Swali hilo ndilo linalonifanya nikipende. Sehemu ya Mbega inasomeka kama hekaya, na nadhani mwandishi alijua hivyo, kwani anaiachia nafasi itembee. Lakini kadiri anavyokaribia siku zake mwenyewe, hadithi inabana na majina yanakuwa mengi. Mfalme Kimweri ye Nyumbai anafariki mnamo mwaka 1862, wanawe na wajukuu wanagombana, na mwanawe Semboja, aliyejiwekea makao Mazinde, chini kwenye njia ya misafara, anapata bunduki kwa urahisi kuliko waliobaki mlimani. Hapo nchi inavunjika vipandevipande. Abdallah bin Hemedi aliishi katikati ya watu hao, kwa hiyo anaposimulia ujumbe uliotumwa na majibu yaliyorudi, unasikia sauti za watu aliowajua. Nimewafundisha watoto habari za Semboja kwa mistari michache ya kitabu cha kiada. Humu anavuta pumzi, anadanganya, anaogopa.

Kassimu (Raskazone): Baba mdogo, hicho nakitaka. Naomba niwe wa kwanza.

Rehema (Mikanjuni): Wa kwanza ni aliyeuliza swali, Kassimu, nami ndiye niliyeuliza.

Mwalimu Salehe (Soni): Nitakimaliza Alhamisi. Nitakifunga kwa kamba ndani ya bahasha ngumu na kumkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, Rehema atakipokea stendi ya Kange. Kassimu atakichukua kwa dada yake, naye Rehema atampa na Shaaban Robert, akasome bila karatasi ya maswali.

Mjomba Athumani (Chumbageni): Peponi itapatikana nikimaliza sura mbili zilizobaki. Apewe Tatu, lakini kwa sharti kwamba hataiacha katikati.

Mama Mdogo Tatu (Pangani): Nitaipokea, kaka. Sharti sijalikubali.

Bi Zena (Ngamiani): Mimi hamjaniuliza, nami najibu: Wasifu wa Siti binti Saad, nimefika pale anapokwenda Bombay kurekodi, na anayekitaka angoje. Salehe, hizo kurasa zinazotoka uzipange kwa namba kabla hujafunga hiyo bahasha.