Naomba ushauri: Baba aliendesha mabasi ya ghorofa London, je, nimrudishe kwenye usukani?

Binti Kikwajuni (mleta mada)

Asalaam alaykum, na heri kwenu nyote. Naleta kwenu jambo ambalo limetugawa nyumbani, na kwa kuwa humu wamo watu waliofanya kazi za barabarani na wengine wanaolea wazazi wazee, naamini sitakosa neno la kunifaa.

Baba yangu ana miaka 76. Aliondoka Unguja akiwa kijana, na mwaka 1972 akaajiriwa London kuwa kondakta wa yale mabasi mekundu ya ghorofa. Miaka mitatu baadaye akahamia kwenye usukani, na huko hakutoka mpaka alipostaafu na kurudi kwetu Kikwajuni. Njia aliyoizoea kuliko zote ni namba 159, iliyotoka Streatham ikapita Brixton na Kennington, ikavuka mto Thames pale Westminster na kuingia katikati ya jiji hadi Oxford Circus na kuendelea. Basi lake lilikuwa Routemaster. Kwa wasiolijua, basi hilo lilianza kubeba abiria mwaka 1956 na likaendelea kuundwa hadi 1968, na yaliyotoka kiwandani yalizidi 2,800. Injini iko mbele, dereva anakaa peke yake upande wa kulia katika kijumba ambacho hakina njia ya kupita kwenda kwa abiria, na nyuma hakuna mlango, bali kuna kibaraza kilicho wazi chenye nguzo ya kushikilia.

Mimi na kaka zangu tulilijua basi hilo kabla hatujajua kusoma. Siku za Jumamosi mama alitupandisha makusudi kwenye zamu ya baba, nasi tulipanda ngazi mbio ili tuwahi kiti cha mbele kabisa cha ghorofa ya juu, ambacho kiko takriban juu ya kichwa cha dereva. Tukishakaa tulipiga visigino sakafuni ili baba ajue kuwa ni sisi. Hakugeuka hata siku moja, wala hakupunguza mwendo, ila jioni akirudi alimwambia mama, nasi tukisikia, kwamba leo ghorofani alibeba mbuzi watatu wasio na adabu.

Mwaka huu atakuja kukaa nami Northampton kuanzia Julai hadi Septemba. Mume wangu amegundua kuwa wapo watu waliohifadhi Routemaster, ambao kwa malipo humwachia mtu aendeshe katika uwanja uliofungwa, chini ya usimamizi. Nilitaka nimlipie baba kimyakimya, iwe zawadi ya kushtukiza. Kaka zangu wamekataa katakata, na sababu yao si ya kupuuzwa.

Jioni moja ya majira ya baridi mwaka 1983, mzee mmoja alikirukia kibaraza wakati basi limekwisha kuondoka kituoni, akaikosa nguzo, akaanguka barabarani na kuvunjika nyonga. Kengele ya kuondoka ilikuwa imepigwa, baba hakuwa na namna ya kumwona, na uchunguzi haukumtia hatiani. Aliendelea na kazi kwa miaka mingi baada ya hapo. Hata hivyo, tangu siku ile akisimulia habari za mabasi husimulia kila kitu isipokuwa nyuma ya basi. Kaka yangu mkubwa anasema kwamba nikimrudisha pale nitakuwa nimekitonesha kidonda ambacho yeye mwenyewe ameamua kukifunika. Mimi naona mzee anayezijua kona zote za Brixton kwa kufumba macho hawezi kuwa amelichoka basi lake. Je, nimpeleke? Na nikimpeleka, aendeshe au apande tu kama abiria? Natanguliza shukrani.

Kondakta Mstaafu

Mfikishie mzee shikamoo yangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, na nilifanya kazi ya ukondakta kusini mwa London kwa miaka kumi na tisa, hivyo nitasema ninachokijua.

Watu wengi wanadhani kwamba basi lile liliendeshwa na dereva. Kwa kweli liliendeshwa na watu wawili ambao hawakuonana kwa muda wote wa safari, na lugha yao ilikuwa kengele. Mlio mmoja ulimwambia dereva asimame kituo kinachofuata, milio miwili ilimruhusu kuondoka, mitatu ilimjulisha kwamba basi limejaa asisimame kuchukua watu, na minne ilikuwa ya hatari. Dereva aliyesikia milio miwili hakugeuka nyuma kuhakikisha, kwa sababu hata angegeuka asingekiona kibaraza. Aliondoka kwa kumwamini mwenzake. Ndiyo maana ajali ya kibarazani iliwaumiza dereva na kondakta kwa namna ambayo mtu wa nje hawezi kuielewa: mmoja alijiuliza kwa nini alipiga kengele, na mwingine alijiuliza kwa nini aliitii. Sijui kama kaka zako wamewahi kumuuliza baba habari za yule kondakta wake wa jioni ile. Pengine kinachomnyamazisha ni huyo, kuliko basi lenyewe.

Kuhusu kuendesha, angalia magoti yake kwanza. Mlango wa dereva uko juu, upande wa kulia, na huingii bila kukanyaga kidato na kujivuta kwa mikono. Akishaingia, sina wasiwasi naye. Kwa umri wake bila shaka alijifunzia RT, basi lililolitangulia Routemaster na ambalo liliondoka barabarani kabisa mwaka 1979, na lile lilitaka akili: ulichagua gia mapema kwa mkono, kisha ukaikubali kwa kukanyaga pedali wakati ulipoihitaji. Aliyelimudu hilo aliliona Routemaster kuwa kama kiti cha sebuleni, maana usukani wake ulisaidiwa na mashine na halikuwa na klachi ya kukanyaga. Muulize pia kuhusu Chiswick. Huko wanafunzi walipelekwa kwenye uwanja uliomwagiwa maji, wakaambiwa waendeshe basi la ghorofa kwa kasi kisha wakanyage breki mpaka liteleze na kugeuka, ili wajifunze kulirudisha. Sijapata kumwona dereva wa zamani anayesimulia siku hiyo bila kusimama na kuonyesha kwa mikono.

Lakini usimshtukize. Hilo nalisema kwa uzito wote.

Mtoto wa Eastlands

Nimeguswa na habari ya visigino. Nairobi nasi tulikuwa na mabasi ya ghorofa ya Kenya Bus katika miaka ya tisini, na vita vya kugombea kiti cha mbele juu vilikuwa vilevile. Tulichokuwa nacho ambacho ninyi wa London pengine hamkukipata ni matawi ya miti. Mahali ambapo miti ilikuwa haijakatwa, tawi lilikuja moja kwa moja usoni, tukainama sote kwa pamoja ingawa kioo kilikuwepo, kisha likakwaruza paa mpaka mwisho na majani mawili matatu yakaingia dirishani. Mama yangu hakupanda juu abadan, akiamini kwamba basi litapinduka kwenye mzunguko. Nilikuja kusoma baadaye kwamba kule Uingereza basi la ghorofa hupimwa kwa kuinamishwa hadi nyuzi 28 likiwa na uzito wa abiria ghorofa ya juu, na sharti lisianguke. Nilimpigia simu mama kumweleza. Akasema aliyepima hakupanda na watu wa Eastlands.

Sasa nije kwenye ushauri. Miaka michache baada ya mwaka 2000 nilikuwa mwanafunzi Manchester, na siku moja katika barabara ya Wilmslow nilipanda basi la nauli nafuu, lenye rangi ya buluu, nikahisi kitu ambacho sikuweza kukitaja. Injini ilinguruma kwa sauti niliyoifahamu. Nilikuja kuelezwa na wapenzi wa mabasi kwamba baadhi ya mabasi ya ghorofa ya aina ya Dennis Dragon yaliyokuwa yakifanya kazi Nairobi yalisafirishwa hadi Manchester na kuendelea kubeba abiria huko. Niliketi kiti cha mbele juu, mtu mzima mwenye ndevu, nikainama tawi lilipokuja. Kwa hiyo najua kwamba sauti na mtikisiko humfikia mtu kabla ya fikra. Mpeleke baba, lakini uwe tayari kwa lolote litakaloamka, la furaha au la jioni ile, na kaka zako wawepo badala ya kukaa mbali wakilaumu.

Mwache Mzee

Naungana na kaka zako. Vijana wa siku hizi mnapenda kuwafanyia wazee mambo ili mpate picha za kurusha. Mzee amenyamaza miaka arobaini, na huko kunyamaza ni jibu tosha.

Umm Salim, Maskati

Ndugu Mwache Mzee, maneno yako yana ukweli ndani yake ingawa umeyatoa kwa ukali. Nami naomba niseme langu. Mwaka 2016 nilimpeleka mama Mumbai kwa matibabu ya macho, na siku alipofunguliwa bendeji aliomba tupande basi jekundu la ghorofa, kwa sababu baba yetu marehemu aliwahi kumpandisha wakiwa wachanga katika ndoa. Tulipanda. Aliketi juu mbele, akawa ananitajia maduka kwa rangi za mabango yao. Tulipoagana na daktari nikamwahidi kwamba tukirudi tutapanda tena. Mabasi hayo yalikuwa yakipita Mumbai tangu 1937, ikawa nayachukulia kama bahari, kitu cha kukikuta palepale. Septemba 2023 lile la mwisho la aina ya zamani likaondolewa barabarani. Sasa yapo ya umeme, yenye viyoyozi na madirisha yasiyofunguka. Mama alipanda moja, akasema ni zuri, akaomba tushuke.

Mwanangu, muulize baba yako mwaka huu huu.

Fundi wa Jumapili

Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kutunza mabasi ya zamani, kwa hiyo nitajibu upande wa vitendo. Baba yako hatakubaliwa kuendesha akiwa na abiria barabarani. Leseni ya basi hapa Uingereza, ukishafika miaka 65, huhuishwa kila mwaka pamoja na cheti cha daktari, na bila shaka yake ilikwisha siku nyingi. Katika uwanja uliofungwa inawezekana, ila elewa kwamba msimamizi hawezi kukaa kando ya dereva, kwa sababu kando ya dereva kuna injini. Kwenye mabasi ya mafunzo kioo kilicho nyuma ya dereva huondolewa, na mwalimu hukaa hapo akimsemesha kisogoni. Baadhi ya madereva wa zamani hukerwa na jambo hilo kuliko tunavyodhani.

Ushauri wangu ni kwamba aanze kwa kupanda. Liko jumba la makumbusho ya mabasi ya London pale Brooklands, karibu na Weybridge, ambako atayakuta mabasi ya tangu enzi za kuvutwa na farasi. Lakini kama ningekuwa mimi, ningempeleka Imber. Hicho ni kijiji katika nyanda za Salisbury ambacho wakazi wake waliondolewa na jeshi mwaka 1943 na hawakurudishwa hadi leo. Jumamosi moja ya mwezi Agosti, mara moja kwa mwaka, Routemaster nyingi hutoka stesheni ya Warminster na kuvuka eneo lile la mazoezi ya kijeshi zikiwa na makondakta, kengele na tiketi, kana kwamba ni njia ya kawaida ya mjini, ila nje ya dirisha kuna vifaru chakavu na nyasi. Atasikia injini ikipanda mlima, na kibaraza kitakuwa wazi kama kilivyokuwa. Hapo atajiamulia mwenyewe kama anataka kukisogelea.

Binti Kikwajuni (mleta mada)

Nimesoma kila neno, na nawashukuru nyote, pamoja na ndugu Mwache Mzee, ambaye alinifanya nifute mpango wa kushtukiza usiku uleule.

Juzi nilimpigia baba, nikamweleza jambo zima bila kuficha, hata ugomvi wangu na kaka zangu. Alinyamaza kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika. Kisha akaanza kuniuliza maswali ya kikazi: mabasi hayo ni marefu au mafupi, breki zimetunzwa na nani, makondakta wanapiga kengele kwa kamba au kwa kitufe. Nilipomtajia Chiswick alicheka, na mama aliniambia baadaye kwamba alisimama katikati ya chumba akazungusha usukani usiokuwepo. Nilimuuliza pia kuhusu kondakta wake wa jioni ile, kama alivyonishauri mzee wetu wa Mombasa. Alisema alikuwa mtu wa Barbados, kwamba baada ya ajali aliomba kuhamishwa njia, na kwamba tangu siku hiyo hawakuzungumza tena, si kwa ugomvi, ila kila mmoja alimwonea haya mwenzake. Hayo hatukuwahi kuyasikia katika maisha yetu.

Kuendesha amekataa. Anasema hawezi kuvumilia mtu wa kumpumulia kisogoni, na kwamba magoti yake si ya kujivuta tena. Kiti cha mbele cha ghorofa ya juu amekipokea kwa furaha, kwani amekuja kugundua kwamba miaka yote ile hakuwahi kukaa juu ya kichwa cha dereva mwingine katika njia yake. Lakini ameweka sharti moja ambalo kaka yangu mkubwa alipolisikia alikaa kimya, kisha akaniambia nimkatie naye tiketi ya treni ya kwenda Warminster. Baba anataka kabla ya kupanda juu aruhusiwe asimame kibarazani kwa kituo kimoja, ashike nguzo, na kengele aipige yeye, kwa sababu kabla ya kuwa dereva alikuwa kondakta.

Fundi wa Jumapili, nitakutumia ujumbe kuhusu ruhusa hiyo. Ameniuliza jambo moja tu la mwisho, nami naliweka hapa ili unijibu kwa hakika: kutoka barabarani hadi kwenye ukingo wa kibaraza ni urefu gani? Nimemjibu kwamba bila shaka ni uleule.