Kipimo kipi cha DNA kinafaa kumtafuta babu Mgiriki wa shamba la mkonge?

Mjukuu wa Kimamba
Habari za jioni wana jukwaa. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nataka kununua kipimo cha DNA ili nimjue babu yangu mzaa mama. Alikuwa Mgiriki wa shamba la mkonge, aliondoka na hakuacha anwani. Nimekwama kati ya AncestryDNA, MyHeritage na FamilyTreeDNA, na kuna jirani aliyenitajia 23andMe. Bajeti yangu ni laki nne. Kipi kizuri? Natanguliza shukrani.

Kaka wa Minnesota
Ancestry, wala usisite. Wana watu zaidi ya milioni 25, hakuna kampuni nyingine inayowafikia. Wagiriki wengi walihamia Marekani, na wajukuu zao ndio wanaojipima huku. Ukitaka samaki nenda kwenye kina. Ila angalia kwanza kama wanatuma huko nyumbani. Mama yangu nilimpima alipokuja kunitembelea.

Mchanga wa Rufiji
Subirini kwanza. Dada, hujasema atakayepimwa ni nani, wewe au mama? Mama yuko hai? Kazaliwa mwaka gani, shamba gani? Ana ndugu wa baba huyohuyo? Hata jina la huyo Mgiriki hujalitaja. Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Mjukuu wa Kimamba
Samahani, niliandika kwa haraka. Mama yuko hai, kazaliwa 1951 Kimamba, wilaya ya Kilosa. Nilifikiri nijipime mwenyewe ili nisimsumbue. Bibi alifariki 1998. Alikuwa akianika singa, yaani nyuzi za mkonge, pale shambani, na jina alilotuachia ni moja tu: Bwana Kosta. Kuna na kisufuria kidogo cha shaba alichopewa na huyo bwana, kina mkono mrefu na mdomo uliopinda upande mmoja. Chini kimeliwa na moto, lakini mama bado anachemshia tangawizi akiwa na kikohozi. Hiyo ndiyo mali yote ya babu tuliyo nayo.

Mchanga wa Rufiji
Basi usijipime wewe, mpime mama. Yeye amebeba nusu nzima ya huyo Kosta, wewe una robo tu. Kila kizazi kinachopita kinapoteza nusu, na mama akiondoka hiyo nusu haitarudi.

Kipimo kinahesabu sentimogani, yaani kizio cha kupimia vipande vya DNA, mnazoshiriki na mtu mwingine. Mama akilingana na mtoto mwingine wa Kosta, wa mke wa Ugiriki, itakuwa kama 1,750. Binamu wa kwanza ni karibu 870. Binamu wa pili, 230 hivi. Ikishuka mpaka 70 ni binamu wa tatu, na hapo kazi inakuwa ndefu lakini inawezekana.

Mna bahati moja kubwa: upande wa bibi ni wa hapa, upande wa babu ni wa Ulaya. Kwa hiyo kila Mgiriki atakayetokea kwenye orodha ya mama amepitia kwa Kosta. Wenzako hutumia miezi kutenganisha upande wa baba na wa mama, nyinyi mmeshatenganishiwa.

Kuhusu kampuni: MyHeritage na FamilyTreeDNA wanatumia kijiti cha pamba unachosugua ndani ya shavu. Ancestry wanataka ujaze kichupa kwa mate, na usile wala kunywa nusu saa kabla. Mzee mwenye kinywa kikavu atateseka. Mimi ningeanza na MyHeritage, wana watu wengi wa Ulaya.

Kuhusu 23andMe, mjue waliomba ulinzi wa mufilisi Machi 2025, na 2023 wadukuzi walichukua taarifa za watu kama milioni 6.9. Vinasaba si nywila kwamba utabadilisha.

Mama Tumaini
Kwa nini asiende tu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali? Wanapima DNA kila siku, na hela inabaki nchini.

Mchanga wa Rufiji
Mama Tumaini, Mkemia Mkuu analinganisha watu waliopo: huyu mtoto, huyu baba, au ndugu wa baba. Hana hifadhi ya Wagiriki ya kumtafutia mtu asiyejulikana. Lakini umenikumbusha jambo. Vinasaba vya binadamu hapa vina sheria yake ya mwaka 2009, na msimamizi ni ofisi hiyohiyo. Dada, kabla ya kutuma kijiti nje ya nchi waulize kama unahitaji kibali.

Mzee wa Reli
Nyinyi vijana mnakimbilia mashine. Mimi nasema karatasi kwanza, hiyo laki nne ikae. Wagiriki waliingia wakati wa Mjerumani, wengi kama makandarasi wa kujenga reli. Vita ya kwanza ilipokwisha, Mwingereza aliuza mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, nao wakawa miongoni mwa walionunua. Mwenye shamba alikuwa na hati, na hati ina jina. Gazeti la Serikali la Tanganyika lilikuwa likichapisha mirathi na leseni. Nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na daftari na penseli. Baada ya 1967 mashamba mengi yalitaifishwa na Wagiriki wakaondoka, lakini hizo karatasi hawakuondoka nazo.

Je, mama alibatizwa?

Mjukuu wa Kimamba
Shikamoo mzee. Ndiyo, ni Mkatoliki. Cheti chake nafasi ya baba ina mstari tu.

Mzee wa Reli
Marahaba mwanangu. Cheti ni nakala. Omba kuliona daftari lenyewe la ubatizo, lile kubwa la Kilatini. Pembeni huwa wameandika kipaimara na ndoa, na kuna safu ya wasimamizi. Jina la msimamizi ni la muhimu. Padre akikosa baba wa kuandika, mara nyingi aliyesimama pale ni mtu aliyemjua baba.

Kaka wa Minnesota
Mzee, kwa heshima zote, Kosta hakuwa lazima mwenye shamba. Anaweza kuwa fundi wa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, msimamizi, dereva, au shemeji ya mwenye shamba aliyekaa miaka miwili. Mtu kama huyo hana hati. DNA haiulizi kama ulikuwa na hati.

Mzee wa Reli
Na DNA haitakuambia alikuwa Kimamba 1950. Ndugu watatu wana damu moja. Utajuaje ni yupi aliyekuja Tanganyika, kama si kwa karatasi?

Binti Unguja
Assalaam alaykum. Dada, nisikilize mimi niliyeungua.

Babu wa mama yangu alitoka Oman, akakaa Unguja miaka kadhaa, akarudi kwao. Nilijipima nikiwa na hamu kama yako. Baada ya wiki saba ikaja orodha, na juu kabisa mwanamke wa Muscat, sentimogani 212. Nikasoma kwenye jedwali: binamu wa pili. Nikalia. Ilikuwa saa saba usiku, na usiku huohuo nikamwandikia. Nilimwambia babu yako ndiye babu wa mama yangu, alituacha Unguja, tunataka kumjua, nitumie picha. Nikaweka na jina la bibi yangu mkubwa, na kwamba hawakuoana.

Asubuhi nilikuta ujumbe umesomwa. Mchana mti wake wa ukoo umefungwa. Jioni jina lake halipo tena kwenye orodha. Na binti mwingine wa 90 aliyekuwa chini yake naye akaondoka siku ya pili, bila shaka waliambiana. Ile ilikuwa milango yangu miwili, nikaifunga kwa mkono wangu.

Baadaye ndipo nikafahamu kosa la pili. Kwetu watu huoana binamu kwa binamu, kizazi baada ya kizazi. Damu moja inakufikia kwa njia tatu, hesabu inavimba. Yule wa 212 huenda hakuwa binamu wa pili kabisa, labda wa tatu mara mbili. Niliituhumu nyumba nzima kwa jambo ambalo pengine ni la nyumba ya jirani yao. Miaka minne sasa, na kila nikiingia natazama kama amerudi.

Kwa hiyo ukimpata mtu, andika mistari mitatu: kipimo kimetuonyesha tuna undugu, upande wa mama yangu kuna watu wa Ugiriki, ningefurahi kujua ukoo wenu umetoka sehemu gani. Basi. Ya Kimamba yasubiri.

Na hicho kisufuria, mwenzangu, kisikudanganye. Cha namna hiyo kipo kwa Waturuki, kwa Waarabu, hata sisi tunapikia kahawa.

Kaka wa Minnesota
Pole sana dada. Wagiriki hukiita briki. Kweli si ushahidi, lakini mimi ningekitunza kuliko cheti.

Mchanga wa Rufiji
Asante Binti Unguja. Hata visiwa vidogo vya Ugiriki vina hali hiyo ya kuoana wenyewe, kwa hiyo hesabu ya chini ya 100 ichukuliwe kwa tahadhari. Wakipatikana wawili au watatu wanaolingana na mama na wenyewe kwa wenyewe, tafuta mababu wanaowaunganisha, kisha shuka na watoto wao mpaka umpate mwanamume wa umri ule. Ugiriki kuna daftari za wanaume, ziliandikwa kwa mwaka wa kuzaliwa kwa ajili ya jeshi. Hapo Mzee wa Reli atakuwa amepata karatasi zake.

Jihadhari na jina. Kosta ni Konstantinos, na kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Binamu wanne wanaweza kuwa Konstantinos wote. Mwisho wa jina la ukoo ndio unaosema: -akis ni Krete, -opoulos ni Peloponnese.

Na asilimia zikija zikasema Italia Kusini badala ya Ugiriki, msishtuke. Watu hao kampuni huwachanganya mara nyingi.

Mama Tumaini
Mmeongea mashine na karatasi. Mimi nauliza: mama mwenyewe anataka? Na bibi alikuwa na umri gani 1951? Mzungu wa shamba na binti wa kuanika singa, nani alikuwa na uwezo wa kumkatalia nani? Huenda bibi alisema jina moja tu kwa sababu hakutaka kusema zaidi.

Mjukuu wa Kimamba
Bibi alikuwa na miaka 17 au 18. Nimekuwa nikilikwepa hilo swali, nakushukuru umeniuliza. Mama anataka. Alisema, "Nizikwe nikijua." Bibi alipokitaja hicho kisufuria hakuwa na hasira, lakini wala hakuwahi kutuambia zaidi.

Na kuna kitu sikukiandika mwanzo. Mama ana mdogo wake, mjomba, kazaliwa 1953, yuko Mikumi. Watu wanasema ni baba mmoja, wengine wanasema hapana. Ni mweusi kuliko mama.

Mchanga wa Rufiji
Dada! Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo. Rangi haithibitishi kitu. Wapimeni wote wawili. Wakiwa baba mmoja mama mmoja watashiriki kama 2,600, wakiwa wa mama tu ni kama 1,750. Na kama ni baba mmoja, mjomba amebeba kromosomu Y ya Kosta, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kuchanganywa. Mama hana na hawezi kuwa nayo. Y inapimwa FamilyTreeDNA, ni ghali zaidi, lakini hiyo inaweza kusubiri.

Mama Tumaini
Na ikitoka 1,750? Mjomba mwenye miaka zaidi ya 70 unamwambia leo kwamba baba aliyemwamini siye? Mimi ningemwacha.

Binti Unguja
Mwambieni kabla ya kijiti, si baada. Akikubali akijua yote mawili yanawezekana, ni haki yake. Akikataa, mwacheni.

Kaka wa Minnesota
Bado nasema Ancestry kwa mama. Faili yake unaweza kuipakua ukaipeleka GEDmatch, tovuti ya kulinganisha faili za kampuni mbalimbali, na FamilyTreeDNA, lakini Ancestry hawapokei faili ya kampuni nyingine. Ukianzia kwingine utalipa mara mbili.

Mchanga wa Rufiji
Ni kweli, hapo umenishika. Lakini mate ya mzee wa miaka zaidi ya 70…

Kijana wa Peramiho
Samahani kwa kuingilia. Bibi mwenyewe alitoka wapi? Kimamba ya wakati huo ilijaa watu wa kwetu.

Mjukuu wa Kimamba
Songea. Baba yake alikuwa manamba, kibarua wa mkataba, bibi aliletwa na wazazi akiwa na miaka kama 12. Ukoo wa Komba. Zaidi ya hapo hatujui, hatujawahi kwenda.

Kijana wa Peramiho
Basi ni wa kwetu. Silabu, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuajiri vibarua, ilianza kuchukua watu 1944, na huku kila nyumba ina mtu aliyepanda lori asirudi. Babu yangu alikuwa na kaka wawili wa namna hiyo. Komba wako Peramiho, Kigonsera mpaka Litembo, kwa hiyo jina pekee halitoshi. DNA nayo itakusaidia kidogo, Wangoni waliojipima ni wachache mno. Lakini misheni ya Peramiho ni ya 1898. Ilichomwa kwenye Majimaji 1905, ikajengwa upya. Kama bibi alibatizwa huku kabla ya kuondoka, atakuwa na baba na mama na kijiji. Baba wa bibi aliitwa nani?

Mjukuu wa Kimamba
Nimempigia mama sasa hivi. Anasema jina la ubatizo halijui. Bibi alikuwa akimtaja kwa namba, kama walivyokuwa wakimwita pale kambini: mia tatu kumi na mbili. Nimeisikia leo kwa mara ya kwanza.

Kijana wa Peramiho
Iandike hiyo namba mahali, usiitegemee kichwani. Muulize kama ilikuwa ya kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, au ya mkataba, na kama ilikuwa na herufi mbele yake.

Mjukuu wa Kimamba
Ameshalala. Jumamosi naenda Mikumi kuonana na mjomba, nitapitia kwa mama kwanza nimuulize.