Mama anaamka usiku anakung'uta mkono, vidole vina ganzi. Ni chapati au kuna kingine?

BintiPongwe:
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Mama angu ana miaka 56, yupo Tanga, anapika chapati za kuuza huu mwaka wa 15 na unga anakanda mwenyewe. Sasa tangu mfungo uliopita kila usiku saa nane anaamka anakaa kitandani anakung'uta mkono wa kulia kama mtu anaekausha maji, anasema vidole vinachoma na vimekufa ganzi, akikung'uta anapata nafuu analala, saa kumi yupo macho tena. Juzi kikombe cha chai kimemtoka mkononi hivihivi. Duka la dawa wametupa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua, majirani wanasema ni kiharusi kinaanza. Kiukweli naogopa.

Tabibu_wa_Kata:
Pole sana dada. Muulize mama, kidole cha mwisho nacho kina ganzi? Kama ganzi ipo dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete alafu cha mwisho kipo kizima, hapo nawaza kapal taneli. Kuna mshipa wa fahamu unapita kwenye kinjia chembamba hapa panapovaliwa saa, umebanana na kano 9 za kukunja vidole, pakivimba kidogo tu unaoumia ni huo mshipa, na usiku tunalala tumekunja mkono ndo maana unazidi. Kiharusi huwa kinakuja ghafla, mdomo unapinda, mkono na mguu wa upande mmoja vinaisha nguvu, ukiona hivyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Ila msiishie kulaumu chapati. Kukanda kwa nguvu miaka yote hiyo kunachangia, sibishi, lakini mara nyingi kuna kitu mwilini kimeandaa njia: sukari, tezi ya shingoni kuwa mvivu, baridi yabisi, figo, uzito mkubwa, au mtu alishawahi kuvunjika hapo kwenye kifundo. Na wanawake wanapata kuliko wanaume. Mama kapima sukari lini mara ya mwisho?

MamaWawili:
Mi ilinianza na mimba ya miezi 7, mikono yote miwili, hata kushika simu ilikuwa shida, nikaambiwa ni maji ya mwilini yanajaa yanabana humo ndani. Nilivyojifungua ikapungua yenyewe taratibu, sikukatwa wala nini. Kilichonisaidia ni kifaa cha kulalia kinachonyoosha kifundo kisijikunje. Msimfunge kitambaa kwa kukaza jamani, nilifanya hivyo nikazidisha. Na mjamzito akivimba mikono na uso ghafla na kichwa kinauma akapime presha siku hiyohiyo, asiseme ni ganzi tu.

Fundi Grenda:
Dada usichelewe kama mimi. Nachomelea mageti, grenda inanitetemesha mkono kutwa, ganzi niliivumilia miaka miwili nikijua ni uchovu, mpaka nyama ya chini ya dole gumba ikanywea pakawa bonde kabisa. Nimefanyiwa operesheni, ganzi imeisha na usiku nalala, ila nguvu haijarudi yote, kifungo cha shati mpaka leo nafungiwa na mke wangu. Mwangalie mama kiganja, linganisha kulia na kushoto.

BintiPongwe:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemuuliza, kidole cha mwisho ni kizima kabisa, nyama ya kiganja bado ipo sawa pande zote. Jana nimempeleka hajala kitu, sukari imesoma 13.4!! Na alikuwa anasema kiu ni ya moto wa jiko. Daktari kamkunjisha vifundo vyote viwili dakika moja, ganzi ikaja ileile ya usiku. Kaanzishiwa dawa za sukari, tezi wamechukua damu majibu Jumatatu, kifaa cha kulalia tumepata. Kaambiwa ganzi isipopungua kuna sindano ya hapo kwenye kifundo, ikishindikana ndo operesheni. Kukanda nimechukua mimi kwa sasa.

Tabibu_wa_Kata:
Hongera kwa kumuwahi. 13.4 hajala ni juu sana, kuanzia 7 tu tunahesabu ni sukari. Aanze kliniki, na waangalie macho na miguu pia, miguu nayo inapata ganzi ya sukari.

BintiPongwe:
Sawa kaka, kliniki ni Alhamisi. Jana usiku kaamka mara moja tu.