Siku 14 Ulaya majira ya joto, euro 1,800 kwa watu wawili: twende nchi gani?

Kasa_wa_Kigamboni

Wakuu, salaam. Tuko wawili, wote pasi za Tanzania, hatujawahi kuwa na viza ya Schengen (ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya). Tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi kutoka Dar ina fungu lake, hiyo isiwasumbue. Nje ya tiketi tuna euro 1,800, na humo ndani iingie viza, bima, malazi, chakula na usafiri wa huko. Tunaweza kuondoka wakati wowote kati ya mwanzo wa Juni na katikati ya Septemba.

Tunapenda miji ya kale, masoko, kutembea kwa miguu. Bahari tunayo nyumbani. Mwenzangu hali nguruwe. Paris na Roma tumeshaziondoa kwa sababu ya bei za vyumba, sasa tunayumba kati ya Bulgaria, Poland na Albania. Naomba hesabu zenye tarakimu, na mnionyeshe pale ambapo watu hukwama.

Bi_Ramani

Karibu sana, Kasa. Kwa fungu hilo ningeanza na Bulgaria kisha nimalizie Romania. Zote mbili sasa ziko ndani ya Schengen kamili: anga na bahari tangu 31 Machi 2024, mipaka ya nchi kavu tangu 1 Januari 2025. Kwa hiyo mnavuka mto Danube kwa viza ileile moja. Bulgaria imeanza kutumia euro tangu 1 Januari 2026, basi hakuna tena kubadilisha fedha mkifika. Romania bado wana lei, takriban lei 5 kwa euro 1.

Njia yenyewe: Sofia usiku 3, Plovdiv 3, Veliko Tarnovo 3, Brașov 3, Bucharest 1, halafu ndege. Ingieni kwa Sofia na mtokee Bucharest kwenye tiketi moja. Kwenye ukurasa wa kutafuta ndege chagueni "miji mingi" badala ya "kwenda na kurudi". Mnaokoa siku nzima ya kurudi nyuma.

Hesabu ya watu wawili, kwa bei za kawaida na si za ofa: chumba chenye choo chake wastani wa euro 40 kwa usiku, mara 13 ni 520. Chakula euro 30 kwa siku kama kifungua kinywa mnanunua dukani au kwenye duka la mikate na mlo mmoja mnakula mkahawani. Kwa siku 14 ni 420. Mabasi na treni zote 120. Makumbusho na viingilio 100. Hiyo ni 1,160. Viza euro 90 kwa kila mtu mzima, yaani 180, ongezeni bima na ada ya kituo cha maombi, wekeni 280 kwa jumla. Mko kwenye 1,440. Hizo 360 zinazobaki msiziguse mapema, ndizo zitakazolipa basi mlilolikosa au usiku wa dharura.

Mambo mawili ya njiani. Treni za Sofia kwenda Varna hazipiti katikati ya Veliko Tarnovo, zinasimama Gorna Oryahovitsa, kilomita kadhaa kutoka mjini, na hapo watu hushuka na mizigo wakishangaa. Mkiamua kwenda huko moja kwa moja kutoka Sofia, pandeni basi, stendi kuu ya Sofia iko jirani kabisa na stesheni ya treni, safari ni kama saa tatu. La pili, Wabulgaria hutikisa kichwa kushoto na kulia kumaanisha ndiyo, na huinua kichwa juu kumaanisha hapana. Ukimuuliza dereva "Plovdiv?" akatikisa kichwa, usishuke. Subiri neno: "da" ni ndiyo, "ne" ni hapana. Na jifunzeni kusoma herufi zao kabla ya kuondoka, jioni mbili zinatosha, kwa sababu vibao vingi vya mabasi ya mikoani vimeandikwa kwa herufi hizo tu.

Njia_Panda

Mimi ningewapeleka Albania bila kusita. Tirana, Berat, Gjirokastra, kisha Shkodër kaskazini. Berat na Gjirokastra ndiyo miji ya kale hasa, nyumba za mawe zimepanda mlima. Ndani ya nchi mtatumia furgon, vibasi vinavyoondoka vikijaa, nauli unampa dereva mkononi. Mtu aliyezoea daladala hahitaji kufundishwa. Ratiba zao ni za asubuhi: baada ya saa nane mchana njia nyingi za mbali hazina gari, kwa hiyo pangeni kusafiri kabla ya saa nne asubuhi.

Fedha ni lek, karibu lek 100 kwa euro 1. Nendeni na euro taslimu, kwa kuwa mashine nyingi za kutolea fedha zinakata ada kila mnapotoa. Chakula cha asiyekula nguruwe ni rahisi kuliko karibu popote Ulaya, nchi ina Waislamu wengi. Eneo la kukwepa Julai na Agosti ni Ksamil na Saranda. Ufukwe umejaa viti vya kukodi na vyumba vinapanda vibaya.

Dirisha_la_Viza

Ndugu Njia_Panda, Albania ni nzuri, ila kwa pasi hizi mbili umewaruka hatua moja inayoweza kuvunja safari yote. Albania haiko Schengen. Mwenye viza ya Schengen anaweza kuingia bila viza ya Albania, lakini kwa sharti kwamba viza hiyo iwe ya kuingia mara nyingi, iwe hai, na iwe imeshatumika kuingia Schengen angalau mara moja. Waombaji wa mara ya kwanza wengi hupewa ya kuingia mara moja tu. Ukitoka nayo kwenda Tirana, imekwisha. Huwezi kurudi Schengen kupanda ndege. Bosnia nao wanataka viza ya kuingia mara nyingi.

Kasa, mkipata viza someni mistari mitatu kabla ya kutoka pale dirishani. Idadi ya kuingia: 01, 02 au MULT. Tarehe za uhai wa viza. Na idadi ya siku mnazoruhusiwa kukaa. Hizi mbili za mwisho watu huzichanganya. Viza inaweza kuwa hai siku 29 lakini ikakuruhusu kukaa 14 tu. Zile 15 za ziada ni nafasi ya kusogeza tarehe, si za kukaa. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia. Ndege ikiondoka saa sita na nusu usiku, hiyo tayari ni siku nyingine. Kwa hiyo kwa siku 14 za safari ombeni 16, na ratiba mnayowasilisha ionyeshe hivyo.

Ombi linapelekwa kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi. Zikilingana, nchi mtakayoingia kwanza. Kwa njia ya Bi_Ramani ni Bulgaria, usiku 9 dhidi ya 4. Kabla ya kuupenda mji wowote, ulizeni nani anapokea maombi ya nchi hiyo kwa wakazi wa Tanzania. Nchi nyingine hazina ubalozi Dar; maombi yake huenda Nairobi au hupokelewa na nchi nyingine ya Schengen kwa niaba yake. Alama za vidole mara ya kwanza lazima uende mwenyewe, na safari ya watu wawili kwenda Nairobi na kurudi inakula ile akiba ya 360 yote. Poland ina ubalozi Dar, hilo liingizeni kwenye mizani.

Dirisha la kuomba hufunguka miezi 6 kabla ya safari na hufungwa siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, unaweza kufika 45. Bima iwe na kiwango cha euro 30,000 au zaidi na ilipe matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani. Pasi iwe na miezi 3 zaidi ya siku ya kutoka Ulaya na kurasa mbili tupu. Taarifa ya benki iwe inapumua kwa kawaida: mshahara unaingia, matumizi yanatoka. Milioni kadhaa zilizoingia wiki moja kabla ya kuomba zinaonekana kama fedha za kuazima, na hakuna barua inayozifuta. Vyumba wekeni vile vinavyofutika bila malipo. Tiketi ya ndege wekeni oda tu, lipeni viza ikishatoka.

Wasomaji wenye pasi za Kongo (DRC) nawatahadharisha pia: ninyi mnahitaji viza hata ya kubadilisha ndege ndani ya viwanja vya Schengen bila kutoka nje. Pitieni Istanbul, Doha au Addis Ababa mkiwa mnaelekea nchi isiyo ya Schengen.

Sanduku_Dogo

Naongeza upande wa ndege, kwa sababu bajeti nyingi hufia hapo. Turkish Airlines hutoka Dar, Kilimanjaro na Zanzibar hadi Istanbul, na kutoka hapo wanaenda Sofia, Bucharest na Budapest. Mkinunua tiketi moja ya njia nzima mnabaki ndani ya uwanja. Mkitafuta nafuu kwa kununua kipande cha pili kwa shirika la Pegasus, angalieni: ndege zao hutoka Sabiha Gökçen, uwanja mwingine kabisa, upande wa pili wa jiji. Hapo mnapita uhamiaji, na bila viza ya Uturuki safari inaishia Istanbul.

Mkichukua ndege za bei nafuu ndani ya Ulaya, bei mnayoiona ni ya mtu na begi dogo la kuingia chini ya kiti. Wizz Air na Ryanair wanapima sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Lile sanduku la kilo 23 mlilotoka nalo Dar linaweza kugharimu kuliko kiti chenyewe. Jisajilini mtandaoni (check-in) kabla ya kufika uwanjani. Ryanair kusajiliwa uwanjani ni euro 55 kwa kichwa. Na hata mkishajisajili, mwenye pasi isiyo ya Umoja wa Ulaya anapita kwanza kwenye meza ya ukaguzi wa viza kabla ya kwenda usalama. Wengi hawajui, wanafika mlangoni wanarudishwa, ndege inaondoka. Fikeni uwanjani saa mbili na nusu kabla ya ndege kuondoka.

Halafu jina la uwanja si jina la mji. Beauvais inauzwa kama Paris na iko kilomita 85 nje. Nauli ya basi jumlisheni kabla ya kusema tiketi ni rahisi.

Kasa_wa_Kigamboni

Ahsanteni, mmenifungua macho. Albania tunaiacha safari hii. Kama maombi ya Bulgaria yatatulazimu kusafiri kwenda Nairobi, Poland inaweza kubeba siku zote 14 kwa fedha hizi? Na asiyekula nguruwe atakula nini kule?

Kitunguu_Maji

Inabeba, ila kwa kubana zaidi. Kraków usiku 6, Wrocław 4, Warsaw 3. Vyumba wekeni euro 50 badala ya 40, yaani 130 zaidi kwa safari nzima. Fedha ni zloty. Kariakoo hamtazipata, nendeni na euro au kadi, na mashine au mhudumu akiwauliza mlipe kwa zloty au kwa shilingi, chagueni zloty daima. Ukichagua shilingi, wao ndio wanaopanga kiwango cha kubadilishia na tofauti inaumiza. Mashine za Euronet zilizotapakaa maeneo ya watalii ndizo zinazouliza swali hilo kwa msisitizo mkubwa. Tafuteni mashine ya benki ya kawaida.

Chakula: tafuteni "bar mleczny", migahawa ya bei nafuu ya tangu enzi za ukomunisti. Unasoma ubaoni, unalipa, unachukua sahani dirishani, na ukimaliza unairudisha mwenyewe. Agizeni pierogi ruskie, ambazo ndani ni viazi na jibini, au naleśniki, chapati za maji za kwao, zenye jibini tamu. Tahadhari moja: pierogi mara nyingi humwagiwa juu mafuta yenye vipande vya nguruwe vilivyokaangwa. Semeni "bez skwarek", bila vipande hivyo, wakati wa kuagiza. Supu ya żurek iacheni, karibu kila mara ina soseji. Barszcz, supu ya bitiruti, ulizeni kwanza, nyingine hupikwa kwa mchuzi wa nyama.

Jumapili nyingi maduka makubwa hufungwa kisheria, hata katikati ya msimu. Nunueni Jumamosi. Tarehe 15 Agosti nayo ni sikukuu, maduka mengi yamefungwa na treni zimejaa.

Kuhusu joto: Plovdiv mwezi Julai hupita nyuzi 35 kwa urahisi, na chumba cha bei ya chini mara nyingi hakina kiyoyozi. Kraków ni nafuu kidogo. Popote mtakapokwenda, someni maelezo ya chumba. Kama kiyoyozi hakikuandikwa, hakipo.

Bi_Ramani

Kwa hiyo tarehe. Mna uhuru hadi katikati ya Septemba, tumieni huo. Kati ya katikati ya Julai na tarehe 25 hivi za Agosti Wazungu wenyewe wako likizo na shule zimefungwa, vyumba viko juu kila nchi mliyotaja. Ondokeni Dar kati ya tarehe 30 Agosti na 2 Septemba. Hali ya hewa bado ni ya shati moja, jua linazama kama saa mbili kasoro usiku, na vyumba vimeshaanza kushuka. Mkishindwa hapo, mwanzo wa Juni.

Kwa kuondoka 1 Septemba, dirisha la maombi linafunguka 1 Machi. Chukueni miadi ya Mei. Mkisubiri Julai, mtakuta nafasi zimeshachukuliwa na wanafunzi wanaokwenda kuanza vyuo.