Mjadala: Viunganishi vya sababu na matokeo vifundishwe kwa kujaza mapengo?

Mwanzisha mada
Juzi nilikaa na binti yangu wa gredi ya nne akifanya kazi ya ziada. Sentensi kumi, kila moja na pengo lake, na juu kisanduku cha maneno: kwa sababu, kwa hivyo, ili, ndiyo maana. Akapata tisa. Nikamwambia aniandikie kwa nini hawakucheza siku hiyo. Akaandika: "Tulienda uwanjani halafu mvua ikanyesha halafu tukarudi darasani." Yale maneno ya kisanduku hayamo hata moja.

Naona mapengo yapunguzwe. Tangu gredi ya kwanza watoto waulizwe "kwa nini?" kwa mdomo kila siku, wajibu kwa sentensi nzima. Zamani insha ya KCPE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya), yenye alama 40, ilitusukuma. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Tusingoje mtihani mwingine utusukume.

Mwalimu mstaafu
Mwanangu, sikubaliani nawe. Sentensi ya mtoto haina kosa. Kiswahili kina -ka-: mvua ikanyesha, mto ukafurika, daraja likabomoka. Nani hapo hakuiona sababu? "Usipoziba ufa utajenga ukuta" haina kiunganishi, na sababu imo. Mkimlazimisha kupachika "kwa sababu" kila mahali mtamharibia masimulizi. Tena darasa la watoto sitini, utamuuliza nani umwache nani? Mapengo nilisahihisha kwa kipindi kimoja.

Mwanzisha mada
Shikamoo mwalimu. Hilo la watoto sitini ni kweli. Labda wakae wawili wawili waulizane. Lakini -ka- yaonyesha mfuatano tu. Jogoo akawika, jua likachomoza: jogoo ndiye aliyelichomoza? Msikilizaji wa lile daraja aliiona sababu kwa kuwa anaijua mito. Katika sayansi mtoto atakutana na mambo asiyoyajua bado, na hapo itambidi aseme lipi limeleta lipi.

Na pengo halimpimi kwa hilo. "Ardhi imelowa ___ mvua imenyesha." "Mvua imenyesha ___ ardhi imelowa." Tia "kwa sababu" kote kuwili, sarufi haitalalamika. Nilimsomea binti yangu ile ya pili. Akaruka: "Hapana Baba, umegeuza!" Nikamuuliza amejuaje. Akanieleza habari za mawingu na matope ya njiani, na "kwa sababu" ikamtoka mara tatu, bila kisanduku.

Walimu wa gredi za chini, nyinyi mwafanyaje darasani?