Mliosoma Marekani mkitaka udaktari, mlichagua meja gani? Tupeane uzoefu

Mama Nuru
Habari zenu wapendwa. Niko Columbus, Ohio. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuo na mwezi wa tatu anatakiwa awe ametangaza meja, yaani somo kuu la digrii. Tangu darasa la nne anasema atakuwa daktari. Sisi tuliokulia nyumbani tunajua udaktari ni PCB (fizikia, kemia, baiolojia), unafaulu form six, unaingia Muhimbili au Bugando au KCMC, miaka mitano, intaniship mwaka mmoja, basi. Huku naambiwa kwanza digrii ya miaka minne ya kitu chochote, halafu ndiyo aombe shule ya udaktari, minne mingine. Baba yake anasema baiolojia na hataki kusikia kingine. Mtoto anataka historia. Jumapili wamebishana mezani mpaka ugali ukapoa, mtoto kainuka hajala, mimi nimebaki nakusanya sahani. Mliopita njia hii naomba mseme ukweli, mlisoma nini na ikawaje.

Jirani wa Dayton
Nafuatilia kwa karibu sana dada. Wangu yuko mwaka wa kwanza na baba yake ni huyo huyo wa baiolojia.

Fundi Mitambo
Mama Nuru, mimi nilisoma injinia ya kemikali, Texas. Mjomba aliyenipokea aliniambia ukikosa udaktari hutalala njaa, na kweli sijalala njaa, kazi ninayo. Ila udaktari ndio niliukosa. Nilimaliza na GPA (wastani wa alama) ya 3.1 kati ya 4 na ile kamati ya udahili haikai kukuhurumia kwamba thermodainamiki ni ngumu, wanaona 3.1 wanapita. Nimeomba 2016, nikaomba tena 2017, sikuitwa intavyuu hata moja. Pamoja na hayo bado nasema mtoto asome kitu chenye ajira. Historia akikosa nafasi ya udaktari atafanya kazi gani? Tusidanganye watoto wa watu.

Kalamu na Stetho
Fundi pole kaka, lakini mimi ndiye huyo wa historia na niko mwaka wa tatu wa udaktari, nipo wodini sasa hivi. Mama Nuru sikiliza, hakuna meja ya udaktari huku. Shule nyingi wanachotaka ni yale masomo ya lazima: baiolojia mwaka mzima na maabara, kemia mwaka mzima, kemia ogani, fizikia mwaka mzima, bayokemia, na shule nyingi wanataka hesabu au takwimu na Kiingereza. Hayo utayasoma hata ukiwa meja ya muziki. Halafu MCAT, mtihani wa kuingilia shule ya udaktari. Ule mtihani una sehemu nne na moja, CARS, haina sayansi hata chembe, ni kusoma aya ndefu za falsafa na sanaa na kujibu. Wenzangu wa baiolojia walikuwa wanalia hapo, mimi nilikuwa nimeshasoma kurasa mia kwa wiki kwa miaka minne.

Tasnifu yangu niliandika kuhusu ugonjwa wa malale Afrika Mashariki, pale daktari Mjerumani Robert Koch alipokuja 1906 akaweka kambi visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, akawa anawadunga watu dawa ya atoxyl yenye aseniki na wengine wakapofuka. Kwenye intavyuu yule daktari mzee alifungua faili langu, akaacha maswali yake yote, tukazungumza dakika arobaini kuhusu mgonjwa asiyeulizwa ridhaa. Hakuna siku nimejisikia daktari kama ile, na nilikuwa sijagusa hata mgonjwa.

Fundi Mitambo
Wewe ulibahatika. Mmoja kwa mia.

Kalamu na Stetho
Bahati gani kaka? Kemia ogani nimeisoma kiangazi, asubuhi darasa mchana maabara, wiki kumi. AAMC, chama cha shule za udaktari za Marekani, kila mwaka wanatoa takwimu za walioomba na walioingia kwa meja. Walioingia zaidi ya nusu ni wa sayansi za baiolojia kwa sababu ndio wanaoomba wengi, lakini wa historia na lugha tulio wachache hatupokelewi kwa kiwango cha chini kuliko wao. Nenda kaangalie.

Fundi Mitambo
Sijakataa takwimu. Nimeuliza akikosa anafanya nini. Hujajibu.

Bi Pilau
Asome anachopata A. Hata kama ni mapishi ya pilau, A ni A 😅

Shifti ya Usiku
Nimesoma hapa nimeshindwa kunyamaza. Mama Nuru naomba mtoto wako asome hii mwenyewe.

Nilikuja Minnesota 2009 kwa DV, ile bahati nasibu ya green card, nina miaka 20. Kama wengi wetu nikafanya CNA (msaidizi wa nesi), nursing home ya wazee, saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi, kugeuza wazee, kuwaosha, kubadilisha shuka. Nilitaka udaktari. Kila mtu, kanisani, nyumbani kwa dada, kazini, aliniambia soma unesi kwanza, ni daraja, utakuwa na pesa halafu utapanda. Ilinikaa akilini kabisa kwamba nesi akisoma zaidi anakuwa daktari. Muhula wa kwanza nilijiandikisha kemia huku nafanya shifti tano kwa wiki, nikapata F, nikairudia nikapata B nikafurahi yameisha. Nikamaliza unesi 2014, nikafanya kazi, nikaolewa, nikazaa. 2019 nikasema sasa. Nikafanya MCAT nikapata 497, wastani wa watu wote ni kama 500 hivi, nikasema Mungu atafungua. Nikalipia shule kumi na moja. Hela ya ile safari ya kwenda kumzika bibi Moshi ndiyo nililipia, sikwenda.

Asubuhi moja mwezi wa kumi na moja nimetoka shifti nimekaa kwenye gari pakingi, nasubiri kioo kiyeyuke barafu, beji bado iko shingoni, email ikaingia. Shule moja wananiandikia kwa upole tu kwamba faili langu halitasomwa kwa sababu kemia niliyosoma ni ile ya wanafunzi wa afya, muhula mmoja, haihesabiki, na sina kemia ogani, na sina fizikia. Nikaisoma mara tatu. Wipa zinapiga kioo kikavu, kwii, kwii, sikuwa na nguvu hata ya kuzizima. Miaka kumi nilikuwa napanda ngazi, kumbe ngazi imeegemea ukuta mwingine. Na ile F ilikuwepo, AMCAS, mfumo wa maombi ya shule za M.D., wanahesabu kila mara uliyosoma somo, ya kwanza na ya kurudia, hawafuti. Shule za D.O. (osteopathia, digrii ya pili ya udaktari huku mbali na M.D.) zamani walikuwa wanachukua ile ya pili tu, nao wakaacha 2017.

Nikazima gari nikarudi ndani kuomba wanipe shifti ya ziada.

Jirani wa Dayton
Jamani 😭😭 dada pole sana.

Bi Pilau
Mmh usituache hapo!! Ikawaje??

Msee wa Seattle
Wah. Hiyo ya ngazi imenipata. Mimi nilimaliza BSc Biochem Kenya, gredi poa sana, nikakuja kwa bibi yangu huku 2018 nikijua naenda tu kuomba medical school. Wapi. Shule nyingi wanataka angalau krediti 90 za chuo cha Marekani ama Canada, na yale masomo ya lazima wanataka uyafanyie huku. Transkripti yangu hata hawakuiangalia. Nilianza upya community college na watoto wa miaka 18. Kwa hivyo watu wasije na degree ya nyumbani wakidhani wameokoa miaka.

Mzalendo Halisi
Mnahangaika bure. Si arudi tu nyumbani asome miaka mitano awe daktari? Huku Tanzania tuna vyuo vizuri. Miaka minane na madeni ya nini?

Kalamu na Stetho
Mkuu, vyuo vya nyumbani ni vizuri sana, sina ubishi. Ila mtoto kasoma high school Ohio, hana PCB, na akimaliza akitaka kufanya kazi huku itabidi apate cheti cha ECFMG cha madaktari waliosoma nje, afanye mitihani ya leseni ya USMLE, halafu agombanie residensi (mafunzo ya hospitali baada ya digrii) kama daktari wa nje. Kama anataka kuishi Tanzania, sawa. Kama anataka kuishi Columbus anazunguka mlima.

Mzalendo Halisi
Kwani lazima aishi Columbus?

Mama Nuru
Kaka mtoto amekuja ana miaka saba, ana green card, wadogo zake wote wako huku. Tuendelee na mada tafadhali.

Karatasi Kwanza
Mimi nina jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa na ndilo lililoniumiza. Nilikuja kwa F-1, viza ya mwanafunzi. Nikasoma baiolojia, GPA 3.8, kila kitu. Mwaka wa tatu ndiyo nagundua shule nyingi za udaktari hazipokei kabisa mwanafunzi wa viza, na baadhi ya zinazopokea zinataka uoneshe hela ya ada imewekwa benki, kuna zinazotaka ya miaka yote minne. Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Hakuna adivaiza aliyeniambia, walikuwa wananiambia tu you're doing great. Baiolojia bila udaktari ikaniacha mikono mitupu, OPT (ruhusa ya muda ya kufanya kazi baada ya digrii) inaisha natafuta kazi ya maabara. Kwa hiyo mwenye viza achague meja ambayo ikigoma huku ina mlango kule. Mwenye green card kama binti wa Mama Nuru, hilo halimhusu, achague kwa amani.

Fundi Mitambo
Ndicho nilichokuwa nasema tangu juu. Mlango wa pili.

Mwana wa Tanganyika
Habari. Mimi ni Mkongomani, tulitoka Uvira tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka tisa, nikamaliza primary pale kambini, ndiyo tukaletwa Kentucky. Nilikuwa na miaka 14, nikawa ndiye mdomo wa mama hospitali. Siku moja daktari anaeleza ugonjwa wake anasema pankriasi, pankriasi, mimi sijui neno la Kiswahili, mama ananiangalia anasubiri. Nikamwambia ni kitu karibu na tumbo. Akaniuliza kitu gani? Nikanyamaza. Nikajua baadaye sana kwamba ni kongosho. Mama alikuwa amefariki.

Chuo nikaingia baiolojia sababu niliamini ni lazima. Nikateseka na ekolojia ya mimea, botania, vitu ambavyo shule ya udaktari haivitaki wala MCAT haiulizi. Mwaka wa pili nikahamia sosholojia, ile MCAT tangu 2015 ina sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia, na masomo ya lazima nikayachukua pembeni moja moja kila muhula, kamwe mawili ya maabara mazito pamoja. Huku nafanya ukalimani hospitali. Natuma maombi mwaka huu. Mama Nuru kama familia kipato ni kidogo, aombe ule msaada wa ada wa AAMC, FAP, KABLA ya kujiandikisha MCAT na kabla ya kutuma maombi, ukishalipa hawarudishi. Mimi umenilipia sehemu kubwa.

Msee wa Seattle
Pole kwa mama. Kongosho hata mimi nilikuwa sijui.

Bi Pilau
Nimelia hapa kazini. Shifti ya Usiku uko wapi dada, rudi umalizie.

Mama Nuru
Nashukuru sana nyote. Nimemsomea mume wangu ya Shifti ya Usiku kwa sauti, akanyamaza, akasema kumbe hata jina la somo lina maana. Halafu akauliza sasa hiyo historia kemia anaisoma saa ngapi?

Kalamu na Stetho
Shemeji mwambie hivi: mwaka wa kwanza kemia, wa pili baiolojia na aanze ogani, wa tatu fizikia na bayokemia, MCAT mwishoni mwa wa tatu, na historia inajaza nafasi zilizobaki. Au asiwe na haraka, wengi wanapumzika mwaka mmoja baada ya digrii. Mimi nilipumzika miwili, nilikuwa skraibu, yaani mwandishi wa maelezo ya wagonjwa, wa daktari idara ya dharura.

Fundi Mitambo
Asibebe zaidi ya uwezo. Hapo nakubaliana nawe.

Shifti ya Usiku
Samahani nilikuwa nimelala, nilitoka kliniki. Nimeona mnaniuliza.

Nilirudi darasani 2021. Kemia mihula yote miwili, ogani mihula yote miwili, fizikia mihula yote miwili, nina miaka 32, mtoto mgongoni wakati narekodi maabara ya fizikia jikoni kwa sababu bado kulikuwa na korona na wengine walikuwa wanatusomesha mtandaoni. Mume wangu alikuwa anaendesha lori, akirudi ananisikiliza nikikariri mpaka akazijua yeye. MCAT ya pili nilipata 508. Niliomba D.O. na M.D. pamoja, M.D. wote walikataa, D.O. mbili zikaniita. Nimeanza 2024. Unesi haukupotea, mgonjwa akihema vibaya naona kabla ya wenzangu, wanafunzi wenzangu wananiita wao wenyewe nikawaoneshe kumgeuza mgonjwa. Lakini ningependa mtu mmoja tu mwaka 2009 angeniambia fungua tovuti ya shule unayoitaka, soma orodha ya masomo, ulinganishe na yako kozi kwa kozi.

Mama Nuru, nitumie inbox namba za kozi za kemia na baiolojia alizoandikishwa binti muhula huu, jina kamili na namba kama lilivyo kwenye transkripti. Nitakuangalizia leo kabla sijaingia kazini.

Mama Nuru
Nakutumia sasa hivi. Imeandikwa CHEM halafu kuna namba, ngoja nimwamshe anisomee vizuri.