Komiki ya kila siku bila skripti, mnafanyaje stori isipotee njiani?

kalamu_nyeusi

Habari wakuu. Nachora komiki ya mtandaoni, paneli nne (yaani picha nne mfululizo), inatoka kila siku asubuhi. Skripti sina, usiku nakaa natunga ya kesho, nachora, napost, basi. Na hii staili naipenda kwa kweli, kuna vitu vimekuja vyenyewe ambavyo ningekaa chini kupanga nisingevipata, mfano kuna jamaa nilimleta afungue mlango tu aondoke zake, sa hivi wasomaji wanamuulizia yeye kuliko mhusika mkuu.

Sasa iko hivi. Kuna bibi mmoja alimkabidhi shujaa wangu kisanduku kimefungwa kamba, akamwambia usikifungue mpaka uvuke mto. Ilikuwa paneli ya mwisho ya siku, nilitaka kitu cha kumfanya mtu arudi kesho. Mto ndo huo anaukaribia, maoni yote chini ni kisanduku kisanduku, na ndani kuna nini bado sijaamua. Nisimamishe wiki mbili nipange stori nzima hadi mwisho? Au nyie mnaotunga papo kwa papo mna njia gani? Kutoka kila siku nataka kubaki nako, hapo sitaki kulegeza.

rasimu_ya_pili

Mkuu panga. Sisemi upange kila paneli, ila mwisho ujue. Ukijua mwisho hata njia ukiibuni kila usiku haikupotezi, usipoujua kila siku unaongeza swali jipya na majibu hakuna, wasomaji wana uvumilivu lakini una kikomo.

Alafu weka akiba. Howard Tayler wa Schlock Mercenary alitoa komiki kila siku kuanzia Juni 2000 mpaka Julai 2020, miaka 20 hajaruka hata siku moja, na siri haikuwa kuchora haraka usiku wa manane, alikuwa anatangulia, zilizokwisha kuchorwa zinangoja zamu. Ukiwa na hata za wiki moja mbele unaweza kurudi ukabadilisha ya Jumatano kwa sababu ya wazo la Ijumaa. Wewe unayechora ya kesho usiku wa leo huwezi, ikishatoka imetoka.

mama_wa_paneli

Akiba nakubali kwa mikono miwili, ila hilo la kujua mwisho kwanza mimi napinga, na napinga kwa sababu nimeona komiki nyingi zikifa hivyo. Mtu anajua mwisho, anaanza kuwasukuma wahusika kuelekea huko, yule jamaa wa mlangoni aliyependwa na kila mtu hana nafasi kwenye mpango kwa hiyo anatupwa, na msomaji anaona kabisa kwamba sasa hivi watu wanaburutwa.

Keith Johnstone aliyefundisha waigizaji kutunga jukwaani bila skripti alikuwa na fundisho moja ambalo mimi naliishi: anayetunga papo hapo ni kama mtu anayetembea kinyumenyume. Mbele haoni, lakini alikotoka anakuona vizuri sana. Kwa hiyo stori ikifika mahali inataka jibu, usiumize kichwa kuunda kitu kipya, chukua kilichokwisha kutokea ukirudishe. Watazamaji wanafurahi zaidi kitu cha zamani kikirudi kuliko kipya kikiletwa, na kikirudi kwa wakati wanaamini ulikipanga tangu mwanzo.

Kwa hiyo dada/kaka kalamu (samahani sijui nikuiteje) swali lako la "ndani kuna nini" limeangalia mbele. Geuka. Soma komiki yako yote toka ya kwanza, taratibu, kama mtu asiyekujua, uandike kila kitu kilichoachwa wazi: mtu aliyetajwa hakuonekana, kitu kilichochorwa bila kazi, sentensi iliyokaa vibaya kidogo. Jibu la kisanduku limo humo, na kama halimo basi kuna nusu yake.

Kanuni moja itakusaidia ukianza kuunganisha. Kilichosemwa na mhusika kinaweza kugeuka kuwa uongo, au alikosea, au aliambiwa vibaya, hapo una uhuru mkubwa. Kilichochorwa usikiguse. Ukimuonyesha mtu amesimama darajani kwa macho ya msomaji mwenyewe, baadaye ukasema hakuwepo, umemnyang'anya kitu alichokiona, na huyo harudi.

kalamu_nyeusi

Mimi ni dada 😊 asante sana mama wa paneli, nimekaa nayo yote toka ya kwanza na nimetoka na kurasa mbili za vitu vilivyoachwa wazi.

Sikilizeni hii. Ile siku ya kisanduku, paneli ya kwanza bibi anamuuliza shujaa jina, anajibiwa. Paneli ya tatu anamuuliza tena. Wakati naandika niliona inafaa tu, bibi mzee, kiputo cha mazungumzo kinahitaji maneno. Sasa nikiisoma leo huyo bibi hasahau chochote, ana wasiwasi kama amempata mtu sahihi!! Na hakumpata. Kisanduku ni cha yule wa mlangoni, ambaye kwenye komiki yake ya kwanza kabisa kabla hajasema neno anaangalia mikono ya mgeni, nimechora macho yanaangalia chini kwenye mikono, kama mtu anayengoja mzigo.

Ndani kuna nini bado, lakini swali limebadilika, sasa ni shujaa afanye nini na kitu kisicho chake na mto ameshaufikia. Hiyo naweza kuichora kesho.

mama_wa_paneli

Hapo sawa kabisa!! Na usikifungue kesho. Acha avuke nacho.

wino_mkavu

Uzi mzuri sana huu. Rasimu na mama wote mko sahihi kwa sehemu, kuna njia ya katikati ya zamani sana. Charles Dickens riwaya zake zilikuwa zinatoka vipande vipande, nyingi kila mwezi, kipande cha kwanza kinasomwa mitaani yeye vya mwisho hajaandika. Kwa riwaya zake za baadaye alikuwa anatumia karatasi moja kwa kila toleo, ameigawa pande mbili, kulia anaandika sura za toleo hilo, kushoto ni mawazo na maswali anayojiuliza mwenyewe: fulani aingie sasa? na anajijibu, ndiyo, hapana, bado. Hiyo "bado" ndo ya muhimu. Kitu kipo kinangoja, hakijasahauliwa, wala hakijafungwa kwa lazima. Dada kurasa zako mbili zipange hivyo, na kila usiku kabla hujashika penseli pitia upande wa kushoto.

Kuhusu wasomaji: sasa hivi wanakisia na kuna mmoja atapatia. Usibadilishe kwa sababu amepatia, tafadhali. Amepatia kwa sababu dalili ulizoacha zinasomeka, ukimkimbia unawaadhibu waliokuwa makini. Na usiwaachie usukani pia, Andrew Hussie alipoanza komiki yake ya mtandaoni Homestuck mwaka 2009 wasomaji walikuwa wanapendekeza hatua inayofuata na yeye anachagua, ilipokuwa kubwa mapendekezo yakamzidi akaacha kuyachukua akaendelea kuiongoza mwenyewe. Soma maoni ujue wanajali nini, stori ibaki mkononi mwako.

rasimu_ya_pili

Nimekubali hiyo ya karatasi, na ile ya bibi kuuliza jina mara mbili imenigeuza kidogo, siwezi kubisha.

Naongeza moja tu ambayo watu wa kila siku wanaisahau. Una wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza anasoma paneli nne, anasubiri mpaka kesho. Wa pili amekugundua leo, anaanza ya kwanza anameza zote kwa mkao mmoja. Stori za kila siku za magazetini zilikuwa zinatumia paneli ya kwanza kukumbusha ya jana, kwa sababu gazeti la jana limeshatupwa. Wewe una kitufe cha kurudi nyuma, ukikumbusha kila siku huyu wa pili anachoka, anasikia jambo lilelile kila baada ya paneli nne. Kumbusha kwa picha: kisanduku kionekane tu kwapani wakati anapiga makasia, bila mtu kukitaja. Na angalia muda, mto wa kuvuka dakika kumi ukiuchora wiki tatu, wa kila siku anaanza kukata tamaa hata kama kila paneli ni nzuri. Ningekuwa mimi ningemvusha kwa siku nne au tano, alafu yule wa mlangoni awe ng'ambo tayari anangoja.